Mzigo Unavuka Mpaka, Akiba ya Uzee Je?

NAMANGA. Kabla jua halijachomoza, malori ya vitunguu kutoka Mang'ola huwa yameshapanga foleni upande wa Tanzania. Madereva wanakunywa chai ya maziwa, mawakala wa forodha wanapita na karatasi mkononi, na akina mama wenye mizigo midogo wanahesabu magunia yao kwa macho. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Desemba 2018, mzigo haukaguliwi tena mara mbili. Mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hutumia cheti rahisi cha uasili na kupita bila ushuru wa forodha.

Mama yangu alipita hapa kwa miaka 25. Alianza mwaka 1994 na magunia manne ya vitunguu kwenye lori la mtu, akashuka Nairobi kwenye soko la Wakulima, akauza, akarudi na sabuni na ndoo za plastiki. Vitunguu hivyo vilinisomesha mimi na ndugu zangu wawili hadi chuo kikuu. Mwaka 2019 magoti yalikataa. Daktari alimwambia asipande tena lori.

Wiki ile aliniita nyumbani, akatoa chini ya kitanda kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii aliyochangia kwa miezi 31 kisha akaacha, stakabadhi za hisa za kampuni moja ya Nairobi alizonunua zaidi ya miaka kumi iliyopita, daftari la chama cha akina mama, na madeni ya wateja yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi.

"Mwanangu," aliniuliza, "hapa nina shilingi ngapi?"

Ilinichukua miezi 14 kumjibu. Makala haya ni yale niliyojifunza katika miezi hiyo, na yale niliyoendelea kuyafuatilia kazini. Somo kuu ni moja. Sisi watu wa mpakani tunajua sana kuuliza gharama ya kuingia, na tunasahau kuuliza gharama ya kutoka. Kabla hujaweka pesa ya uzee mahali popote, uliza kwanza: itatokaje, lini, kwa kodi kiasi gani, na atakayeitoa nikiwa sipo ni nani?

Mtaji si akiba

Ukimuuliza mfanyabiashara wa mpakani akiba yake iko wapi, atakuonyesha stoo. Magunia, marobota ya mitumba, mitungi ya mafuta ya kula. Anaona pesa pale, na hakosei. Lakini mtaji unaishi kwa nguvu za mwenyewe. Siku ukilala, nao unalala. Nchi moja ikizuia mahindi ya jirani kwa wiki mbili, kama ilivyowahi kutokea katika kanda hii, mtaji unaoza ndani ya lori.

Chama, upatu na kikoba vina kazi yake. Vinakopesha haraka, vinazika, vinalipa ada ya shule. Ila fedha yake huzunguka kwa miezi, wakati uzee unadai miaka 15 au 20. Mama alipokea mzunguko wake mara nyingi sana, na kila mara uliingia kwenye vitunguu. Hakuna hata mmoja uliomsubiri mbele.

Akiba ya uzee ni fedha iliyotengwa na biashara, isiyoguswa bidhaa zinapopanda bei, na iliyo mahali inapozaa bila wewe kuwapo. Inaweza kuwa ndogo. Sharti lake ni kwamba isirudi kwenye stoo.

Amua kwanza utazeekea wapi

Swali hili linaonekana la mbali, lakini ndilo linalopanga mengine yote. Bidhaa huvuka mpaka, ila michango ya pensheni bado haivuki. Mtanzania aliyechangia miaka saba Kenya na miaka minane nyumbani hana miaka 15 popote. Ana vipande viwili vya kila upande.

Miaka 15 ina maana yake. NSSF ya Tanzania inampa mwanachama pensheni ya kila mwezi akifikisha umri na michango isiyopungua miezi 180. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Asiyefikisha miezi hiyo hulipwa kwa mkupuo, na mkupuo huisha. Mfuko huo unapokea waliojiajiri wenyewe, na mchango wa chini uliotangazwa kwao ni shilingi 30,000 kwa mwezi, unaoweza kulipwa kidogo kidogo kwa simu. Miezi 31 ya mama yangu ilikuwa ya kweli. Iliyobaki 149 ndiyo iliyokosekana, na katika miaka ile alikuwa na uwezo wa kuilipa yote. Hakuna aliyemweleza kwamba namba ya kuitazama ni 180.

Kenya ina njia kadhaa. Mwaka 2011 ulianzishwa Mpango wa Pensheni wa Mbao kwa ajili ya watu wa jua kali, ukaitwa hivyo kwa sababu mbao ni jina la mtaani la shilingi 20, kiasi ambacho mtu angeweka kila siku. NSSF ya Kenya nayo ina Haba Haba, kuanzia shilingi 25 kwa siku, na mwanachama anaweza kuchukua hadi nusu ya akiba yake baada ya kuchangia miaka mitano. Ruhusa hiyo inasaidia wakati wa dharura. Lakini kila anayechukua nusu ajue kwamba amechukua nusu ya uzee wake.

Uganda ilibadilisha sheria yake ya NSSF mwaka 2022. Mwanachama mwenye umri wa miaka 45 na aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema, na milango ya michango ya hiari imefunguliwa zaidi. Mpango wa SmartLife Flexi, ulioanza mwaka 2023, unaanzia shilingi 5,000 za Uganda. Uganda hulipa mafao kwa mkupuo, kwa hiyo anayestaafu Busia au Mbarara lazima apange mwenyewe namna ya kuugawa mkupuo huo kwa miaka iliyobaki.

Rwanda ilianzisha Ejo Heza Desemba 2018, jina lenye maana ya kesho njema. Ni akiba ya muda mrefu iliyolengwa hasa kwa wasio na ajira rasmi. Mwanachama huanza kulipwa akifikisha miaka 55, na katika miaka ya mwanzo serikali iliwaongezea wenye kipato cha chini fungu juu ya walichoweka.

Ushauri ninaoutoa kwa ndugu na marafiki ni huu. Chagua nchi utakayolala ukiwa na miaka 65, weka mfuko mmoja mkuu huko, na uufikishe kwenye sharti lake. Nchi ya pili iwe mahali pa tawi, si pa shina.

Akaunti ya hisa: tofautisha dalali na mlinzi

Tawi hilo linaweza kuwa hisa, hatifungani za serikali au vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Hapa ndipo stakabadhi za mama zilipotusumbua.

Alinunua hisa wakati kila mtu Nairobi alikuwa anazungumza hisa. Mteja wake wa sokoni alimpeleka kwa dalali, akajaza fomu kwa kutumia pasipoti na sanduku la posta la mteja huyo. Miaka ikapita. Mteja akahamia kijijini, sanduku likafungwa, namba ya simu ya mama ikabadilika, pasipoti ikaisha muda. Tulipomtafuta dalali, ofisi ilikuwa imehama na karani wa zamani hayupo. Mama alishakata tamaa. Alidhani dalali akipotea, hisa zimepotea.

Haikuwa hivyo. Hisa zilizoorodheshwa sokoni haziwekwi mfukoni mwa dalali. Zinakaa kwa jina lako kwenye hifadhi kuu ya kielektroniki ya nchi husika. Kenya hifadhi hiyo ni CDSC, na Tanzania ni kampuni iliyo chini ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Dalali ni mtu wa kupeleka maagizo yako sokoni. Ukimchoka, unaweza kuhamia kwa mwingine na akaunti yako ikabaki ile ile.

Hata hivyo, tofauti hiyo haikulindi kama hufuatilii. Kati ya mwaka 2007 na 2009 madalali kadhaa wa Nairobi walianguka, wakiwamo Francis Thuo & Partners na Nyaga Stockbrokers, na wawekezaji wadogo waliumia. Wako waliokuwa wameacha fedha taslimu kwa dalali zikisubiri kununua, na wako waliokuta hisa zao zimeuzwa bila wao kujua. Kenya ina mfuko wa kuwafidia wawekezaji, lakini kwa miaka mingi ukomo wake umekuwa shilingi 50,000 kwa mtu. Kwa hiyo usiache fedha nyingi mkononi mwa dalali, na omba taarifa ya akaunti kutoka kwenye hifadhi yenyewe angalau mara moja kwa mwaka. Tanzania siku hizi mwenye simu anaweza kutazama hisa zake kupitia Hisa Kiganjani.

Sisi tulianza na hifadhi. Dalali mpya mwenye leseni alituma maombi, na taarifa ikatoka. Hisa za mama zilikuwepo zote. Kilichokosekana kilikuwa gawio. Hundi zilitumwa kwenye sanduku lililofungwa, zikarudi, na baadaye fedha zikapelekwa kwenye mamlaka ya mali zisizodaiwa, kama sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inavyotaka. Mamlaka hiyo huzirudisha kwa mwenyewe akithibitisha kuwa ndiye. Kuthibitisha ndiko kulikokula miezi. Jina la ukoo kwenye stakabadhi lilikuwa na herufi moja tofauti na la kitambulisho cha taifa. Ilihitajika hati ya kiapo, barua ya serikali ya mtaa na nakala ya pasipoti ya zamani ambayo, kwa bahati, mama hakuitupa.

Hatifungani nazo zimefunguka. Kenya inaziuza kwa kuanzia shilingi 50,000, na tangu mwaka 2023 mnunuzi anaweza kutumia mfumo wa simu wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Tanzania inaanzia shilingi milioni moja kupitia mabenki na madalali walioidhinishwa, na mwaka 2014 ililegeza kanuni zake ili wakazi wa nchi nyingine za Jumuiya nao waweze kununua, kwa masharti. Asiye na kiasi hicho anaweza kuanza na vipande vya UTT AMIS, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Vipande vinauzwa kwa kiasi kidogo, na ukitaka kutoka, mfuko wenyewe unavinunua tena kwa bei ya siku na kukulipa ndani ya siku chache za kazi.

Hisa zina tabia yake. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Kwa miaka kadhaa bei ilikaa chini ya hapo. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Mwaka 2023 ilishuka chini ya 15. Mtu aliyenunua ili auze baada ya miaka 20 alikuwa na nafasi ya kuchagua wakati. Aliyelazimika kuuza kwa sababu mtoto amefukuzwa shule alichukua bei aliyoikuta. Fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu haifai kukaa kwenye hisa.

Kodi hukaa kwenye mlango wa kutokea

Wafanyabiashara wengi hujua ushuru wa gunia lakini hushangaa gawio likija pungufu. Kodi ya uwekezaji mara nyingi ni kodi ya zuio. Inakatwa kabla fedha haijakufikia, na hakuna ofisa anayekuja dukani.

Kwa gawio, Kenya inakata asilimia 5 kwa mkazi, na kiwango hicho hicho kwa raia wa nchi wanachama wa Jumuiya. Mgeni wa nje ya kanda hukatwa asilimia 15. Hii ni haki yako kwa kuwa Mtanzania, Mganda, Mrundi au Mnyarwanda, lakini inategemea uraia wako kuandikwa sawasawa kwenye akaunti. Akaunti ya mama ilikuwa na anwani ya Nairobi na pasipoti iliyoisha muda, na kwa baadhi ya miaka alikatwa kwa kiwango cha mgeni. Hakuna aliyemwibia. Karatasi zake hazikumtetea.

Rwanda inakata asilimia 5 kwenye gawio na riba za dhamana zilizoorodheshwa sokoni, iwapo mpokeaji ni mkazi wa Rwanda au wa nchi ya Jumuiya. Tanzania inakata asilimia 5 kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam, na asilimia 10 kwa zisizoorodheshwa. Uganda hukata asilimia 10 kwenye gawio ambalo kampuni iliyoorodheshwa inamlipa mtu binafsi, badala ya 15 ya kawaida.

Riba ya hatifungani ina mpangilio wake. Kenya inakata asilimia 15 kwa za muda mfupi na 10 kwa zenye muda wa miaka 10 na zaidi, na imekuwa ikitoa hatifungani za miundombinu ambazo riba yake haikatwi. Uganda inakata asilimia 20, au 10 kwa zile za miaka 10 na zaidi. Ukiuza hisa zilizoorodheshwa Nairobi au Dar es Salaam kwa faida, wewe mwekezaji mdogo hutozwi kodi ya faida ya mtaji. Ada ya dalali na tozo nyingine ndizo zinazokula, na kwa mauzo madogo zinaweza kukaribia asilimia 2 ukinunua na asilimia 2 ukiuza. Anayenunua na kuuza kila mwezi anamlea dalali.

Kwa pensheni, mabadiliko makubwa ya karibuni yako Kenya. Kuanzia 27 Desemba 2024, mafao yanayolipwa mtu akifikisha umri wa kustaafu kwa kanuni za mfuko wake hayatozwi kodi ya mapato. Vivyo hivyo anayetoka mapema kwa sababu ya ugonjwa, au aliyekuwa mwanachama kwa miaka 20. Anayetoka mapema bila sababu hizo hukatwa kodi. Huo ndio mfano mzuri wa gharama ya mlango wa kutokea: fedha zile zile, mfuko ule ule, lakini anayesubiri anaondoka na zote na mwenye haraka anaacha fungu kwa serikali.

Sheria hiyo pia iliongeza kiasi cha mchango kinachopunguza mapato yanayotozwa kodi, kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Lakini hapa mfanyabiashara mdogo asome vizuri. Kama unalipa kodi ya mauzo ghafi, ile ya asilimia 3 kwa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, hakuna kinachotolewa kwanza kwenye hesabu yako. Nafuu hiyo haikufikii wakati wa kuweka. Faida yako itakuwa wakati wa kutoa. Uganda nayo haikupi nafuu wakati wa kuchangia, lakini mafao ya NSSF hayatozwi unapolipwa.

Viwango hivi vyote vina maisha ya bajeti. Mawaziri wa fedha wa kanda husoma bajeti Juni, na mengi huanza Julai Mosi. Kila mwaka baada ya bajeti, muulize dalali au mfuko wako swali moja: nini kimebadilika kwenye fedha zinazotoka?

Hesabu ya shilingi mia

Tuchukue mfano, tukijua kwamba ni hesabu tu na si ahadi ya mtu. Mfanyabiashara anaweka shilingi 100 za Kenya kila siku, sawa na 3,000 kwa mwezi. Fedha inazaa asilimia 8 kwa mwaka na haiguswi. Baada ya miaka 10 ameweka 360,000 na ana takriban 549,000. Baada ya miaka 20 ameweka 720,000 na ana takriban milioni 1.77. Miaka 10 ya pili inaleta zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, kwa mchango ule ule. Ndiyo maana mwenye miaka 35 anayesema "nitaanza mwakani" anakata mwaka ulio mnono kuliko yote, ule wa mwisho.

Sasa weka ada. Kama mfuko unachukua asilimia 2 kila mwaka na mapato halisi yakawa asilimia 6, baada ya miaka 20 utakuwa na takriban milioni 1.39. Tofauti ni kama shilingi 380,000. Asilimia 2 inasikika ndogo kwenye kipeperushi.

Weka na mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ile milioni 1.77 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa shilingi 666,000 hivi. Maana yake ni kwamba mchango usibaki 100 kwa miaka 20. Gunia likipanda bei, mchango nao upande.

Sisi wa mpakani tuna hatari nyingine, nayo ni sarafu. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyekuwa na akiba yote upande mmoja alihisi mtikisiko huo kila alipovuka kununua bidhaa. Kuwa na tawi katika nchi ya pili kunapunguza mshtuko, mradi fedha utakayoila uzeeni iwe kwa sehemu kubwa katika sarafu ya soko utakalonunua unga.

Ahadi ya Jumuiya

Haya yote yangekuwa mepesi zaidi kama yaliyoandikwa yangetekelezwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa mitaji kuvuka mipaka. Pia inazitaka nchi wanachama zipitie na kuoanisha sera na sheria zao za hifadhi ya jamii ili ziwahudumie waliojiajiri kutoka nchi nyingine za Jumuiya. Huyo aliyejiajiri ni mama wa vitunguu, kijana wa mitumba, mzee wa ng'ombe. Zaidi ya miaka 15 baadaye, bado hana namna ya kuunganisha miezi ya Nairobi na miezi ya Arusha.

Mkataba wa Jumuiya wa kuepuka kodi mara mbili nao ulitiwa saini mwaka 2010, lakini haujaanza kutumika kwa kuwa haujaridhiwa na wote. Kwa sasa, mwenye gawio Kenya na biashara Tanzania atunze vyeti vya kodi iliyozuiwa, kwa sababu nchi anayoishi inaweza kumuuliza mapato ya nje, na cheti ndicho kitakachoonyesha kwamba alishalipa upande wa pili. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimepigania foleni fupi na vyoo safi vituoni, na vimepata. Pensheni inayovuka mpaka inastahili nafasi kwenye ajenda hiyo hiyo.

Kopo jipya

Wakati tunasubiri, kila mmoja anaweza kutengeneza kopo lake. La mama sasa ni bahasha ya plastiki, na nakala yake iko kwenye simu yangu. Ndani kuna ukurasa mmoja wenye majina ya kila mfuko na akaunti, namba za uanachama, namba za mlipakodi za nchi zote mbili, na simu inayofanya kazi. Kuna kitambulisho chenye jina lile lile, herufi kwa herufi, na lililoko kwenye akaunti. Gawio linaingia moja kwa moja benki au kwenye simu, hakuna tena hundi ya sanduku la posta.

Na kuna jina la mrithi kwenye kila fomu. Hili watu hulikwepa, lakini mpakani ni zito kuliko kwingine. Hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya nchi moja kwa kawaida huhitaji kuthibitishwa na mahakama ya nchi ya pili kabla hisa hazijahamishwa. Familia isiyojua kwamba akaunti ipo haitafika hata mlango wa mahakama.

Tulipomaliza, nilimjibu mama swali lake. Hisa na gawio lililorudi, ukitoa kodi na gharama za safari, zilitosha kulipia matibabu ya goti moja na kununua vipande vya kumletea kidogo. Mchango wake wa miezi 31 ulilipwa kwa mkupuo mmoja, akanunua mbuzi. Kinachobaki, anatunzwa na sisi watoto. Anatuombea kila siku, lakini najua hapendi kuomba nauli.

Mwezi uliopita nilipita naye Namanga kwenda msibani Kajiado. Wanawake wanaomjua walimzunguka wakimsalimia, na binti mmoja mwenye magunia sita akamuuliza siri ya biashara.

"Mimi nilijua kila kitunguu kitaoza siku gani," mama alimwambia. "Pesa yangu ndiyo sikuwahi kuuliza itatoka siku gani. Wewe uliza leo, kabla hujavuka."